Nani atalipa kantonye mwaka wa pili?

Ndugu na dada wa shirika, kila mara tunapotoka ku vijiji tunarudia Likasi na ulizo moja: «Njia yetu itatengenezwa lini?» Wale waliorudia kutoka kambi za Zambia wanauliza, wale waliokimbia Mitwaba wanauliza. Hata wale waliorudia hapa muji kiisha mambo ya 1992 na 1993 wanauliza, juu mahindi na makala wanayouza ku soko inatoka kule kule. Ni ulizo la haki. Lakini sisi tunaotumika mu ONG, tukiangalia historia ya njia za Katanga, tunaona kuko ulizo lingine lenye kuwa na nguvu zaidi: njia ikiisha kufunguliwa, nani atalipa mutu wa kuichunga mwaka wa pili? Mu karatasi hii tunataka kuonyesha namna ile ulizo ilibakia bila jibu toka zamani, na juu ya nini inatupasa kuiuliza leo.

Tuanze na bababu. Muji wetu haukuzaliwa na barabara, ulizaliwa na shaba na reli. Reli ilifika Elisabethville mu 1910, Kambove mu 1913, Bukama mu 1918. Barabara za mu vijiji zilikuja nyuma, na zilikuwa na kazi moja kubwa: kuleta chakula kwa wafanyakazi wa Union Minière, na kuleta watu wa kulipa kodi na kutumika. Toka 1917 serikali ya wabeleji iliwalazimisha wanakijiji kulima mimea yenye serikali ilichagua. Mu 1933 amri ilisema mwanaume wa kijiji anaweza kulazimishwa kazi mpaka siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mu 1942, siku zile zikapandishwa mpaka 120. Kazi ya njia ilikuwa mzigo wa kijiji: kukata majani, kufungua mifereji, kujaza mashimo. Wazee wetu wakisema kwamba «zamani njia zilikuwa muzuri», wanasema kweli. Lakini tusisahau namna zilivyokuwa muzuri: kuko mutu alikuwa na jembe mu mukono, na nyuma yake kuko kapita na fimbo.

Kiisha vita feza ya inje njo ikaingia. Wabeleji waliandika mpango wa miaka kumi, 1949 mpaka 1959, na mu 1951 Benki ya Dunia ikakopesha Congo Belge dola milioni 40, na Ubelgiji yenyewe dola milioni 30, juu ya ule mpango. Wengi kati yetu wanafikiri miradi ya feza za inje ilianza na ONG na motoka zake nyeupe. Hapana. Iko na zaidi ya miaka 70. Na toka siku ile mambo yaligawanyika vile: feza ya mukopo inalipa kazi kubwa na mashini, mwenye kijiji analipa kuchunga, kwa jasho yake. Mu karatasi za hesabu, jasho ile haikuandikwa.

Kisha 1960, uhuru, na kujitenga kwa Katanga. Hapa Likasi, ile wakati ikiitwa Jadotville, watu walijifunza haraka daraja ni kitu gani. Mwezi wa kenda 1961, askari wa Irlande wa ONU walizungukwa hapa muji. Wenzao walitoka Elisabethville kuja kuwasaidia, wakashindwa kuvuka daraja ya Lufira, na wale wa hapa wakajitoa. Mwezi wa kwanza 1963 ONU ilirudia, ikakuta madaraja ya Lufira yamevunjwa, ikavuka mto vile ilivyoweza na kuingia muji. Mutu mwenye kuishi ng'ambo ya Lufira hana lazima ya kufundishwa: daraja moja ikianguka, kilometri mia za njia muzuri hazina maana tena.

Mu 1971, tarehe 26 ya mwezi wa tatu, serikali iliunda Office des Routes. Mu miaka ya 1970 na ya 1980 wakopeshaji wa inje walisaidia ile ofisi na mashini, vipande na wataalamu. Huku vijiji vilibakia na salongo, kazi ya bure ya kila juma. Wengi wetu tuliikuta tukiwa watoto ao tuliisikia kwa wazazi: unafika na jembe, shefu anaandika majina, mwenye kukosa anaazibiwa. Njo sababu mpaka leo, ukisema mu kijiji «tuje tutengeneze njia», wazee wanaangaliana. Si uvivu. Ni kumbukumbu. Jembe ya njia iliwafikia mara mbili kwa nguvu, mara ya kwanza na Bula Matari, mara ya pili na chama.

Hapa kwetu kuko mukono mwingine pia uliokuwa unashikilia mambo: Gécamines. Mu 1986 ilitosha karibu tani 476,000 za shaba. Kampuni yenye kulisha maelfu ya jamaa inahitaji mahindi, na mahindi inahitaji njia. Mu 1990 mugodi wa Kamoto ukaanguka, na ku kati ya miaka ya 1990 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 40,000. Ile wakati ile ile wakopeshaji walifunga mufuko wao kwa Zaïre. Mashini za Office des Routes zikasimama. Mu miaka michache tu pori ikarudia. Kamio ikapotea, kinga ikachukua kazi yake: mutu anasukuma gunia ya mahindi siku mbili, tatu, analala njiani, anafika Likasi na bei ya soko imeshuka.

Juu yake ikaja vita. Mwezi wa kumi na mbili 2000 Pweto ikaanguka, na watu wakavuka mupaka. Wengi kati yenu munajua Kala na Mwange kuliko sisi. Wengine hawakuvuka, walikimbilia pori, na kaskazini yetu, kati ya Mitwaba, Manono na Pweto, watu wakaipa sehemu ile jina la «pembe tatu ya kifo». Njia ikafunga kabisa, si juu ya mvula tu, juu ya woga pia.

Kati ya 2007 na 2010 HCR ilirudisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Zambia. Na katikati ya ile kurudia, mu 2008, mradi mukubwa wa njia ulianza: Pro-Routes, feza ya Benki ya Dunia na ya serikali ya Uingereza. Kwa upande wetu ulishika barabara ya taifa namba 5, kutoka Kasomeno kupitia Pweto, Moba na Kalemie mpaka Uvira. Tuseme wazi: haikuwa lami. Ilikuwa kufungua njia ya udongo, kutengeneza madaraja, kutia mifereji. Kwa mutu aliyerudia na sahani mbili na turubai, njia ile ilikuwa na maana kubwa. Ilikuwa dawa kufika, mwalimu kufika, na muhogo kutoka.

Jina refu la Pro-Routes lilikuwa na kazi mbili: kufungua tena, na kuchunga. Mwaka ule ule wa 2008, tarehe 7 ya mwezi wa saba, sheria iliunda FONER, mufuko wa taifa wa kuchunga barabara, wenye kupata feza ku bei ya mafuta ya motoka na ku peyaje. Ku karatasi, basi, jibu la ulizo letu lilikuwa limepatikana: wafazili wanafungua, FONER inachunga. Ni mufano muzuri. Kasoro yake iko ku hesabu. Inchi inahesabu karibu kilometri 58,000 za barabara za taifa na za provense, na tena zaidi ya kilometri 87,000 za njia za kilimo, ile inapita mu mashamba yetu. Mufuko ni mumoja, midomo ni mingi, na njia ya kijiji inakaa mwisho wa meza.

Hapa tueleze namna njia ya udongo inakufa, juu wengi wanafikiri inauawa na kamio. Kamio inamaliza tu. Mwenye kuua ni maji. Njia mupya iko na mugongo katikati, maji inateremka ku pembeni, inaingia mu mifereji, inapita chini mu buse, inatoka. Majani ikiota mu mufereji, ao buse ikijaa muchanga, maji inatafuta njia ingine, na njia ingine ni barabara yenyewe. Mwezi wa kumi na moja ni kamufereji kadogo. Mwezi wa pili ni shimo ya magoti. Kamio yenye mizigo ikipita siku ya mvula inaipanua, ya nyuma inazunguka pembeni, na mwezi wa ine kuko njia tatu na hakuna hata moja. Kazi ya kuzuia ile yote ni ya jembe na panga: mutu mumoja kwa kipande chake, siku chache kwa mwezi, na kizuizi cha mvula chenye kufungwa kweli.

Njo kazi ya kantonye, na njo kazi ya kamati za kijiji za kuchunga njia, zile tunaita CLER. Mahali zilipolipwa kwa wakati, tuliona njia ya udongo ikivuka mvula moja, mbili, tatu. Mahali malipo yalichelewa miezi, tuliona kitu kingine: kantonye anarudia mu shamba yake, kizuizi cha mvula kinafunguliwa kwa mwenye kutoa kitu kidogo, na buse ya kwanza inajaa. Hatusemi kantonye ni mubaya. Iko na watoto. Mutu hawezi kula mukutano wa uhamasishaji.

Kuko somo ingine, lenye uzito. Mu 2017 wakaaji wa pembeni ya barabara ya Bukavu–Goma, kazi ya mradi ule ule wa Pro-Routes, walipeleka malalamiko ku kikundi cha ukaguzi cha Benki ya Dunia: mambo ya mali yao, ya malipo ya kazi, na ya wanawake na wasichana kutendewa jeuri na watu wa kiwanja. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule Benki ikasimamisha feza ya kazi za ujenzi. Tuzipime pande mbili. Njia iliyosimama ni hasara kwa wote. Lakini wanakijiji, bila gavana na bila avoka mukubwa, walisikiwa mpaka Washington. Siku za kapita na siku za salongo, mulango ule haukukuwa. Mama na binti zetu wajue uko, na wajue kabla mashini haijafika.

Leo tuko tena mbele ya feza mupya. Mpango wa serikali wa teritware 145 umeandika kilometri 38,000 za njia za kilimo za kutengeneza, na teritware ya Kambove, yenye kutuzunguka, iko mumoja wa zile 145. Mwezi wa kumi 2023 Amerika, Ulaya, Angola, Congo na Zambia walitia sahihi juu ya korido ya Lobito, na reli yake inapita hapa hapa Likasi. Magari ya madini yatapita, ile hatuna mashaka. Kama mahindi ya ng'ambo ya Lufira itafika ku ile reli, hiyo ni maneno ya njia ndogo, na ya nani ataichunga.

Njo sababu tunaomba shirika letu liende ku mukutano wowote wa mradi na maulizo matano yaliyoandikwa, tena yasomwe kwa sauti mbele ya shefu na mbele ya wakuu wa mradi.

Moja: feza ya kuchunga imeandikwa wapi, ya miaka mingapi, na itapita mukono gani? Mbili: kantonye atalipwa kila siku ngapi, na akikosa malipo atalalamika wapi? Tatu: ufunguo wa kizuizi cha mvula utakaa kwa nani, na kamati gani itamuangalia? Ine: wanawake wangapi watakuwa mu timu na mu kamati, si ku kupika tu? Tano: namba ya malalamiko ni gani, na nani anaijibu?

Mradi wenye kujibu maulizo matano, tuupokee na mikono mbili na tuufanyie kazi. Mradi wenye kujibu «ile tutaangalia kiisha», tuuambie kwa heshima kwamba «kiisha» yetu tunaijua toka 1951.

Na kitu kimoja hakingojei mufazili. Mvula inaanza mwezi wa kumi. Kila kikundi cha shirika kitembee njia yake mu mwezi wa kenda na kuandika buse moja moja: ile iko wazi, ile imejaa, ile imevunjika, na jina la kijiji cha karibu. Mutuletee ile liste ku ofisi ya shirika. Sisi tutaiandika muzuri na kuipeleka ku teritware na ku ofisi ya njia za kilimo. Siku feza itafika, watakuta watu wenye kujua njia yao kilometri kwa kilometri, na watu kama wale ni vigumu kuwadanganya.