Matuta ya Uluguru, 1950 hadi 1955

Msafiri atokaye mjini Morogoro kwa njia ya mashariki hupita Mkuyuni kabla ya kufika Matombo. Upande huu wa milima ya Uluguru hupokea pepo za bahari ya Hindi, na mvua yake ni nyingi. Mashamba nayo yamo katika miteremko mikali. Mvua ikipiga udongo uliochomwa majani, udongo huteremka mtoni, na maji ya Ruvu, mto unaonywesha Dar es Salaam, hugeuka rangi. Hofu ya serikali ya Mwingereza haikuwa ya bure.

Mwaka 1950 ulianzishwa mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Watu walikatazwa kuchoma majani, wakaamrishwa kukata matuta. Neno hili lastahili kuangaliwa. Tuta la mkulima ni udongo uliokusanywa na kuinuliwa, kama la viazi. Tuta la serikali lilikuwa ngazi bapa iliyochimbwa ubavuni mwa mlima. La kwanza hukusanya rutuba. La pili liliifukia, ikatokea juu ardhi ya chini isiyozaa. Basi chakula kikapungua palepale jasho lilipozidi. Wenyeji, hasa wa Mgeta, walikuwa na ngazi zao ndogo ambamo magugu hufukiwa yakaoza. Hizo hazikuhitaji shuruti.

Lakini naona kulikuwa na swali zito kuliko jembe. Ardhi ya Waluguru ni ya ukoo wa upande wa mama. Asiye wa ukoo alilima kwa ruhusa, akatoa ngoto, malipo madogo ya kukiri ardhi ni ya nani. Je, tuta la kudumu katika shamba la kuazima ni mali ya nani? Mwenye ardhi aliogopa kunyang'anywa. Mwazimaji naye aliogopa kufukuzwa kazi ikiisha.

Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Ghasia ikazuka, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Shuruti ikaondolewa, matuta mengi yakaachwa yakabomoka. TANU, iliyoundwa mwaka uliotangulia, ikapata wafuasi milimani. Udongo haukuacha kuteremka. Na hata baada ya uhuru wa 1961, bwana shamba aliyetaja matuta katika Uluguru alisikilizwa kwa mashaka.