Jahazi la Nchi Kavu



Hivi karibuni, baada ya khitma ya mzee wetu mmoja, kijana wa jamaa zetu alinivuta pembeni akaniuliza: "Ami, nataka kununua veni ya mizigo niigeuze nyumba. Ninunue ipi?" Nilidhani ananitania. Kumbe kodi ya chumba inamla nusu ya mshahara, na hesabu zake ameshazipiga. Nikamwambia suala hili lina historia yake hapa Uingereza, na anayeijua historia hanunui kwa macho. Niliyomwambia ndiyo haya, nimeyapanga kidogo kwa ajili ya jarida letu.

Tuanze Bristol, mwaka 1885. Katika kiwanda cha mabehewa cha mji ule ilitoka nyumba ya magurudumu iliyoagizwa na daktari wa Kiskoti, William Gordon Stables. Bwana huyu alikuwa daktari wa jeshi la wanamaji, na ujanani alihudumu katika manowari Penguin iliyokuwa ikizunguka mwambao wa Msumbiji kuwinda majahazi yaliyobeba watumwa. Kwa hiyo bahari yetu aliijua. Alipoacha kazi ya bahari akawa mwandishi wa vitabu vya vijana, na nyumba yake akaipa jina la Wanderer, yaani mzururaji. Mwenyewe aliihesabu kuwa ni jahazi la nchi kavu. Ilivutwa na farasi wawili, ndani imepambwa kwa mbao za mahogani, na bwana alifuatana na watumishi. Kiangazi cha mwaka ule alitoka Twyford, kusini mwa Uingereza, akapanda mpaka Inverness huko Uskoti, na mwaka 1886 akatoa kitabu juu ya safari hiyo.

Wazee wetu walisema: msafiri masikini ajapokuwa sultani. Stables alitaka kuipindua methali hiyo, asafiri na usultani wake wote nyuma ya farasi.

Lakini wazo halikuwa lake. Waroma, hao wanaoitwa Majipsi, walikuwa wakiishi katika magari ya farasi kabla yake, na hawakuwa na watumishi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1880 mtu mmoja aitwaye George Smith wa Coalville alikuwa akilishawishi Bunge lipitishe sheria ya kuandikisha na kukagua nyumba zote za magurudumu. Sheria yake haikupita, lakini tazama mambo yalivyo: barabara ni ile ile na gari ni la namna ile ile, ila mwenye mali huitwa mtalii na asiye nayo huitwa tatizo. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Sasa turuke hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kiwanda cha Volkswagen huko Wolfsburg, Ujerumani, kilikuwa chini ya jeshi la Kiingereza, akikisimamia Meja Ivan Hirst. Ndani ya kiwanda walitumia vigari vya ubao mtupu kubebea vyuma. Mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, aliviona, na Aprili 1947 akachora katika daftari lake sanduku lenye magurudumu, dereva mbele kabisa, injini nyuma, mzigo katikati. Mwaka 1950 likaanza kutengenezwa. Injini yake ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ikaanza kuuza samani za kutia ndani yake: kitanda, kabati, pahala pa kupikia. Mtu aliweza kufanyia kazi gari lake siku za wiki, kisha akalilalia mapumzikoni.

Gari hilo sisi tunalijua. Ndilo kombi, neno lililotoka Kijerumani likakaa katika Kiswahili kama mwenyeji. Wengi wetu tunawakumbuka watalii wa Kenya wakichomoza vichwa katika paa la kombi kuwatazama simba. Na Wazungu nao walichukua kwetu: vioo vya mbele vinavyofunguka kwa nje katika makombi ya zamani, wapenzi wake mpaka leo huviita madirisha ya "safari".

Hapa Uingereza fundi aliyetia fora alikuwa Martin Walter wa Folkestone, Kent. Bedford CA ilipotoka mwaka 1952, kampuni hiyo iliigeuza gari la kulala, ikaiita Dormobile. Baadaye ikaitia paa linaloinuka kwa upande mmoja, lenye turubai, ili mtu mzima asimame wima anapopika na watoto walale juu. Kulikuwa na sababu ya kifedha pia. Tangu 1940 serikali ilitoza kodi ya ununuzi kwa magari ya abiria, lakini veni ya kazi, isiyo na madirisha ubavuni nyuma ya dereva, ilisamehewa. Mtu wa kipato kidogo akanunua veni. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1973 ikaja VAT, lakini mazoea ya kuchukua chombo cha mizigo na kukifanya cha watu yalikuwa yameshaota mizizi.

Mwaka 1965 ikaja Ford Transit, pana kuliko wenzake. Wafaransa walikuwa na lao tangu 1947, Citroën H, ambalo injini na uendeshaji vilikuwa mbele, hivyo sakafu ikawa chini na mtu akasimama ndani bila kuinama. Fikra hiyo ndiyo iliyoshinda. Fiat Ducato ilianza 1981 kwa mpango huo huo wa magurudumu ya mbele, na ndiyo inayotumiwa sana na viwanda vya magari ya kulala barani Ulaya. Mercedes Sprinter ya 1995 yenyewe ilishika njia ya magurudumu ya nyuma: sakafu iko juu zaidi, lakini hubeba uzito vizuri.

Hapo kijana akanikatiza: "Sasa Ami, ninunue ipi?"

Nikamwambia lete futi. Yeye urefu wake ni kama mita 1.83. Ducato ya umbo lililotoka 2006, yenye paa la kati, ina mita 1.93 ndani. Ukitia mbao na kizuia baridi juu na chini, sentimita kumi zimekwenda, na kichwa kinasugua dari. Basi atafute yenye paa refu, mita 2.17. Upana wake wa ndani ni kama mita 1.87 kwa chuma kitupu, hivyo mtu mfupi hulala kwa kukingama na kuokoa nafasi, lakini yeye atalala kwa urefu wa gari.

Pili, uzito. Aliyepata leseni ya kawaida hapa tangu Januari 1997 asivuke kilo 3,500 kwa gari la dizeli, na hapo huhesabiwa gari, mbao, maji, vitabu na wewe mwenyewe. Lita mia za maji ni kilo mia.

Tatu, kutu. Lala chini na tochi, tazama kingo za milango, juu ya magurudumu na penye viraka vilivyopakwa rangi mpya. Injini hubadilishwa, lakini bodi iliyooza haina dawa.

Nne, moshi. Tangu Agosti 2023 mitaa yote ya London imo katika eneo la kutoza magari machafu, pauni 12.50 kwa siku. Dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6 itamfilisi.

Tano, pumzi. Usiku wa baridi pumzi ya mtu hugeuka maji katika chuma, na mbao huota ukungu. Lazima pawe na tundu la hewa juu na jingine chini. Na jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata likiwa limebaki makaa tu. Hewa yake haina harufu, na mtu hulala asiamke.

Alipomaliza kuandika nilimrudisha Bristol. Mji ule ule uliojenga jahazi la Stables leo una mamia ya watu wanaoishi katika veni na magari ya kulala, wengine kwa kupenda, wengi kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda. Na sheria ya mwaka 2022 imempa polisi uwezo wa kulikamata gari la mtu anayekaa katika ardhi isiyo yake bila idhini, akiombwa kuondoka akakataa. Alilolitaka George Smith halikuwa hili hasa, lakini swali ni lile lile la miaka ya 1880: nani ana haki ya kulala juu ya magurudumu?

Kijana wetu hana farasi wala mtumishi. Ana mshahara, na ana barua za uhamiaji, za benki na za bima, ambazo zote zataka anuani. Barua moja ikipotea, maisha yake hapa yanaweza kuharibika. Kwa hiyo sikumkataza. Nilimwambia anunue yenye paa refu, na barua zake zije kwangu. Na kila Ijumaa aje achukue barua, aoge maji ya moto, ale wali na wenziwe.

Nawaomba wenye nyumba miongoni mwetu mfikiri vivyo hivyo. Jahazi halikai baharini milele, lazima liwe na bandari ya kurudi.

Wabillahi tawfiq.