Miembe, bustani na miguu ya bibi yangu: historia ya Tabora isiyo kwenye madesa

Mitihani ilitubana kweli kweli, ndiyo maana mmeona kimya. Leo sina stori za hosteli wala za kusubiri bumu. Naandika historia, maana ndilo somo nitakalokwenda kufundisha Mungu akipenda, na nitaiandika kwa kumfuata bibi yangu mitaani.

Bibi anakaa Tabora mjini, Isevya, ila kwao ni Usinge, kituo cha reli magharibi ya Kaliua, kama unaelekea Uvinza na Kigoma. Mjini aliletwa na ndoa, na alikuja kwa treni kwa sababu babu alikuwa mtu wa reli. Wajerumani waliifikisha reli Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo safari ya kutoka pwani mpaka ziwani ilikuwa ya miguu: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Burton na Speke walipoingia Tabora, wakati huo ikiitwa Kaze, Novemba 1857, walikuwa wametumia siku 134 kutoka pwani.

Basi bibi naye ni mtu wa miguu. Nikiwa likizo, baada ya swala ya alfajiri nasikia tu, "Mke mwenzangu, vaa viatu twende." Siku moja tunaelekea Kanyenye, siku nyingine Gongoni, siku nyingine Chemchem. Mkononi ana kikapu chenye miche ya mchicha, mbegu za bamia, au kunde za kumpelekea mtu. Kila nyumba anasimama, "Mwangaluka!" Wanajibu, wanaulizana hali za wagonjwa, mbegu inabadilisha mikono, tunasonga. Mwendo wa nusu saa unaweza kula masaa mawili.

Kitu kimoja nilichokigundua ni kwamba bibi hajui majina ya barabara. Yeye anakwenda kwa mimea. Kuna kwa wenye mkomamanga, kuna penye ndimu mbili, kuna kwa mama wa vitunguu. Nilikuwa nacheka. Halafu hapa chuoni nikasoma habari za Stanley, aliyefika Tabora mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Katika kitabu chake ametaja vilivyokuwa vinalimwa pale: ngano, vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya, biringanya, na miti ya machungwa, malimau, mapapai na maembe. Jamani, ukiondoa ngano, hiyo ni njia ya bibi ya Jumanne asubuhi!

Sasa tujiulize, kwa nini mji wa biashara ya pembe za ndovu uwe na bustani nyingi hivyo? Tukiwa sekondari tulikariri biashara ya masafa marefu: Wayao, Wakamba, Wanyamwezi, pembe na watumwa kwenda pwani, nguo, shanga na bunduki kuja bara. Swali la mtihani lilikuwa bidhaa gani zilibebwa. Hakuna aliyeuliza wale wabebaji walikula nini.

Hebu tupige hesabu ndogo. Mpagazi alipewa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. (Ndiyo, neno posho tunalolipigia kelele leo lilitembea sana na misafara.) Msafara wa watu 500 unahitaji vibaba 500 kwa siku. Wakipumzika Tabora wiki moja ni vibaba 3,500, bado mboga, bado chumvi. Wanahistoria wanakadiria kwamba mwishoni mwa karne ya 19 watu kama laki moja kwa mwaka walikuwa wanapita katika njia hii ya kati. Tabora ilikuwa mahali pa kupumzika, kubadilisha wapagazi, kungoja habari za vita. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya kwenda Ujiji ikafungwa, misafara ikakwama mjini. Stanley mwenyewe ilibidi azunguke kusini. Watu waliokwama lazima wale, na chakula hakikushuka kutoka mbinguni.

Kililimwa, na waliokilima kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Mwanaume wa Kinyamwezi akishuka pwani na mzigo anaweza kukaa miezi mingi. Jembe linabaki nyumbani. Wanawake ndio walioinua matuta ya viazi na mihogo, wakatwanga mtama, wakauza unga na karanga kwa wasafiri. Wengine walisafiri na waume zao wakiwa na vyungu na mikeka kichwani na mtoto mgongoni, na wakifika kambini wanapika. Ukimwondoa huyo mama katika habari, msafara hautoki hata Tabora kufika Usinge.

Hapa ndipo stori inapokuwa nzito, na naomba tusiikwepe. Mashamba ya Waarabu pale Kwihara na Tabora, na ya watemi na matajiri wa Kinyamwezi pia, yalilimwa sana na watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Wapo waliotoka ng'ambo ya ziwa, Kongo ya mashariki, ambao pwani hawakufika kabisa. Walibakizwa Tabora, wakapewa jembe. Tunapofundisha kwamba utumwa ni minyororo kuelekea Bagamoyo na Zanzibar, tunawasahau hawa waliobaki. Tena Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Walichofanya ni kutoa amri mwaka 1904 kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja chini ya Waingereza, mwaka 1922. Yaani hata miaka 110 haijatimia.

Nilimuuliza bibi: bibi yako wewe alitoka wapi? Akanyamaza kidogo, akachuma jani bovu la mchicha, akasema, "Alikuja na njia." Nikauliza njia ipi, alikuja na nani. Akasema, "Alikuja na njia, akalima, akazaa. Unataka nini tena?" Nikaacha. Nimelelewa kuheshimu wakubwa, na katika familia nyingi za Tabora, Ujiji na kwingineko kwenye njia hii hilo ni swali ambalo watu hawalijibu mezani. Nani anataka kumwambia mjukuu wake kwamba mzee wa ukoo alinunuliwa? Ila bibi alinipa neno moja, akalima, na mimi nimelishika hilo.

Kuna hadithi nyingine maarufu, kwamba miembe ya Tabora iliota kutokana na kokwa walizotupa wapagazi na watumwa wakipita. Inapendeza kuisimulia. Kokwa kadhaa huenda ziliota hivyo, sikatai. Lakini mwembe hauna asili ya kwetu, asili yake ni Asia, na huku ulisogea na watu wa pwani walipoanza kujenga matembe yao miaka ya 1850. Halafu angalieni ilivyopangwa sehemu nyingine, kwa mistari kabisa. Kokwa ya kutupwa haijipangi. Bibi alipoisikia hadithi hiyo alicheka sana. "Kokwa ya kutupwa inaota, halafu mbuzi anakula. Mwembe mchanga unawekewa miiba, unamwagiwa maji kiangazi chote. Kuna mtu aliulinda." Kwa kweli sijasoma hoja ya kihistoria safi kuliko hiyo. Mtu huyo hana jina kwenye kitabu chochote. Jina lililobaki kwenye lile tembe la Kwihara ambalo sasa ni makumbusho ni la Livingstone, aliyekaa pale miezi michache ya mwaka 1872.

Sasa kwa nini naandika haya leo? Kwa sababu Desemba tulikuwa na kikao cha familia. Wajomba wanataka uwanja wa nyuma wa bibi ujengwe vyumba vya kupanga. Mji unakua, wapangaji wapo, na hoja yao siyo ya ubaya hata kidogo: bibi amezeeka, dawa zinahitaji hela, na wajukuu tuko vyuoni. Mimi mwenyewe mkopo haunitoshelezi, naongezewa hapo hapo. Kwenye uwanja huo kuna mwembe mmoja, matuta ya matembele, na kunde ambazo majani yake bibi anayakausha kwa ajili ya kiangazi.

Nilisimama nikasema yote haya ya misafara na vibaba. Wajomba walisikiliza kwa adabu, mmoja akasema, "Mwalimu, umesema vizuri, sasa tuambie hela." Sikuwa na jibu la hela. Aliyeamua ni bibi. Alisema wajenge vyumba viwili, siyo vinne, upande wa ukutani, na mwembe usiguswe. Matuta yamebaki matatu. Kesho yake asubuhi alikuwa anagawa miche iliyozidi, nyumba hadi nyumba, akiwaeleza wenzake waitunze kwa sababu ya kwake imekosa pa kukaa. Kwa hiyo bustani imepungua nyuma ya nyumba yetu, imeongezeka kwa wenye mkomamanga.

Mwakani naenda mazoezi ya kufundisha. Nikipangiwa mada ya biashara ya masafa marefu, nitafundisha pembe na shanga kama mtaala unavyotaka, maana wanafunzi wana mtihani. Lakini kabla ya kengele nitawapa kazi ya nyumbani: nenda kamuulize bibi yako alijifunza kwa nani kulima anacholima, na huyo naye alijifunza kwa nani. Wengine watajibiwa kwa kirefu, wengine wataambiwa "alikuja na njia." Majibu yote mawili tutayaandika ubaoni.

Wadau mliotoka Tabora, Urambo, Uvinza na Ujiji, na nyinyi watani zetu Wazaramo, kwenu mnasimuliwaje? Nawakilisha.