Udongo Uwahi Ungali Maji

Kabatini mwangu limo bakuli moja ambalo sijapata kulitilia mchuzi. Nililinunua Horezu, mji mdogo wa Romania ulioko mkoa wa Vâlcea, chini ya milima ya Karpati. Katikati yake amechorwa jogoo, nembo ya wafinyanzi wa huko.

Wageni wengi huenda Horezu kuitazama monasteri. Iliasisiwa mwaka 1690 na Constantin Brâncoveanu, mtawala wa Wallachia, aliyekusudia kuzikwa humo. Hakujaliwa. Mwaka 1714, kwa amri ya Sultani wa Uturuki, alikatwa kichwa mjini Istanbul pamoja na wanawe wanne.

Mimi nilivutwa zaidi na Olari, mahali ambapo jina lake maana yake ni "wafinyanzi". Huko kazi imegawanywa tangu zamani. Wanaume huchimba udongo, huusafisha, huukanda na kuukanyaga, kisha huuumba kwenye gurudumu. Wanawake hutia nakshi kabla chombo hakijachomwa. Rangi hutiririshwa kutoka katika pembe la fahali lililotobolewa, kisha huvutwa kwa kijiti chenye ncha ya waya mpaka mistari iwe myembamba kama utando wa buibui. Baadaye vyombo huingizwa katika joko la kuni. Mwaka 2012 UNESCO iliuandikisha ufundi huo kuwa urithi wa binadamu.

Nilimwona msichana mdogo kando ya mama yake, akijaribu kuvuta mistari juu ya sahani iliyopinda. Alikosea, akafuta, akaanza tena. Mama hakusema neno.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu, mzaa mama. Naye alikuwa mfinyanzi. Hakuwa na gurudumu. Chungu kilitulia, yeye ndiye aliyekizunguka. Nilipokuwa na umri wa yule msichana aliniita nimsaidie kuponda udongo. Nilikataa, nikisema utanichafulia sare za shule. Hakuniita tena. Alipofariki, hapakuwa na mjukuu hata mmoja aliyejua kazi yake.

Jina la mtawala limo vitabuni. Majina ya wafinyanzi wa enzi zake hatuyajui, lakini kazi ya mikono yao ingali hai katika vidole vya yule mtoto. Udongo wa bibi nao ungali pale pale mtoni. Kilichokosekana ni mikono, na yangu ilikuwa miongoni mwayo.