Kadi ya Kukwaruza, Kuflashi na M-Pesa: Mteja wa Kenya na Historia ya Simu ya Mkononi

Hadi mwaka 1999, huduma za simu nchini Kenya zilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, Kenya Posts and Telecommunications Corporation. Nchi ilikuwa na watu karibu milioni 29, na laini za mezani hazikufika nusu milioni. Wengi walipanga foleni kwenye vibanda vya simu, sarafu mkononi. Mwaka huo shirika liligawanywa, posta ikatengana na simu. Mwaka 2000 kampuni mbili, Safaricom na KenCell, zikaanza kushindania wateja wa simu za mkononi.

Jambo la kwanza lililopimwa na wateja lilikuwa bei. KenCell ilitoza kwa dakika, Safaricom kwa sekunde. Kwa mwenye kipato kidogo tofauti hiyo ilikuwa kubwa: aliyesema "nimefika salama" kisha akakata hakulipia dakika nzima.

Muda wa maongezi uliuzwa dukani pamoja na unga na sukari. Mnunuzi alikwaruza utando wa kadi kwa sarafu au ukucha, akasoma tarakimu zilizofichwa na kuziingiza kwenye simu. Aliyeishiwa salio aliflashi: alipiga, simu ikalia mara moja, akakata ili mwenzake ampigie. Watanzania waliita desturi hiyo kubip. Ilikuwa na adabu zake. Mwenye uwezo zaidi ndiye aliyetarajiwa kupiga, na kijana aliyekuwa akimchumbia msichana alijitahidi asimflashi. Kampuni zikaleta ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa, na mwaka 2005 Safaricom ikaanzisha Sambaza, huduma ya kumgawia mwingine salio.

Wakati huo pesa za kwenda kijijini zilipitia posta, au zilifungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kondakta wa basi au jamaa aliyesafiri. Baadhi ya watu wakaona njia nyingine: walituma salio, na ndugu aliyelipokea akaliuza kwa fedha taslimu.

Mwaka huohuo wa 2005 majaribio ya M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, yalianza Nairobi na Thika, yakiwa na wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa kuwarahisishia wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kulipa madeni yao. Wateja wakaitumia kwa shida zao wenyewe: walitumiana pesa, walilipiana mikopo, na waliohofia wezi njiani waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika. Waandaaji walisikiliza. Huduma ilipozinduliwa rasmi tarehe 6 Machi 2007, ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mteja alionyesha kitambulisho, akatia sahihi kwenye daftari la wakala, akasubiri ujumbe wa kuthibitisha. Kabla ya mwaka kwisha, waliojiandikisha walikuwa wamezidi milioni 1.

Mengine yalifuata njia hiyohiyo: Okoa Jahazi, mkopo wa salio, mwaka 2009; M-Shwari, akiba na mikopo, mwaka 2012; na Fuliza, ya kumalizia malipo pesa zinapopungua, mwaka 2019. Wahandisi walitengeneza mitambo, lakini matumizi yake yaliamuliwa na watu wa kawaida waliohesabu kila shilingi. Historia ya simu Kenya haikamiliki bila wao.