Nakshi ya Shati: Kutoka Mkono wa Mtarizi hadi Mstari wa Kompyuta

Shati lenye nakshi hufika sokoni likiwa limepita katika mikono ya watu watatu ambao mara nyingi hawajuani: mchora nakshi, mpiga chapa na mshonaji. Makala haya yanamhusu zaidi yule wa kwanza, hasa tangu alipoiacha kalamu na kuketi mbele ya kompyuta. Hudaiwa mara kwa mara kwamba kompyuta ndiyo iliyoleta ufundi wa kuirudia nakshi bila kosa. Dai hilo halisimami. Kilichozaliwa ndani ya kompyuta ni namna mpya ya kuutunza mstari. Ama elimu ya kurudia nakshi ilikuwa imekomaa zamani, na mojawapo ya makao yake ilikuwa Kasai.

Katika ufalme wa Wakuba wanaume walifuma vitambaa vya nyuzi za rafia, nao wanawake wakavitarizi. Mtarizi hakutanguliza mchoro. Aliongozwa na kumbukumbu, uzi baada ya uzi. Mwanahisabati Donald Crowe alizichunguza nakshi hizo katika makala aliyoitoa mwaka 1971, akitumia kipimo kisichotegemea ladha ya mtazamaji. Ikumbukwe kwamba Mrusi Evgraf Fedorov alikwisha kuthibitisha mwaka 1891 kuwa nakshi inayojaza uso bapa kwa kujirudia haiwezi kupangwa kwa njia zaidi ya 17, zote zikitokana na kusogeza, kuzungusha, kuakisi, na kuakisi huku kukiambatana na kusogeza. Crowe alizikuta kwa Wakuba njia 12 kati ya hizo 17, pamoja na njia zote 7 za nakshi za ukanda. Haina maana kwamba watarizi walikuwa na nadharia ya Fedorov. Maana yake ni kwamba mikono yao ilikwisha kuzipitia njia ambazo wataalamu wa Ulaya walizifikia kwa hesabu.

Viwanda vya Ulaya vilishika njia tofauti. Mwaka 1783 Mskoti Thomas Bell alipata hataza ya kupiga chapa nguo kwa silinda za shaba zilizochongwa. Tangu hapo ukubwa wa nakshi ulifungwa na mzingo wa silinda: silinda ikimaliza mzunguko, nakshi huanza upya. Aidha, kila rangi ilidai silinda yake, kwa hiyo mchoraji alizihesabu rangi kama ahesabuvyo fedha. Vitambaa vya nta, ambavyo Waholanzi waliviiga kutoka batiki za Java katika karne ya 19, na ambavyo mashariki mwa Kongo huitwa vikwembe, vilitoka katika viwanda vya silinda pia. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846, ndiyo mashuhuri zaidi kwa kazi hiyo. Kongo nayo ilikuwa na viwanda vyake vya nguo, kama kile cha Utexléo huko Léopoldville, lakini kanuni haikubadilika: mwenye silinda ndiye mwenye kuamua nakshi. Mshonaji wa Bukavu au Lubumbashi alikipokea kitambaa kikiwa kimekwisha kuamuliwa na mwingine.

Badiliko, ajabu ni hilo, halikutoka kwa watu wa nguo. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT nchini Marekani, alieleza programu yake ya Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta. Ndani yake mlikuwa na wazo lenye uzito mkubwa kwa nakshi: mchoro mama na nakala zake. Mama akibadilishwa, nakala zote hubadilika naye. Wakati huohuo Wafaransa walikuwa wakitafuta namna ya kuyaeleza kwa hesabu mabati yaliyopinda ya magari. Paul de Casteljau wa Citroën aliipata mwaka 1959, lakini kampuni yake ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault aliitangaza ya kwake katika miaka ya 1960, na mstari ukabaki na jina la Bézier. Casteljau alistahili zaidi ya hapo.

Mstari wa Bézier unaotumika zaidi katika uchoraji huelezwa kwa nukta nne: mbili za mwanzo na mwisho, na mbili zinazouvuta mstari upinde. Kompyuta haitunzi alama ya wino. Hutunza nukta hizo. Ndiyo sababu ua lililochorwa kwa ajili ya kola huweza kukuzwa lijae mgongo mzima wa shati bila kingo zake kuchakaa. Huo ndio uchoraji wa vekta. Kampuni ya Adobe, iliyoanzishwa mwaka 1982 na John Warnock na Charles Geschke, iliuweka mstari huo katika lugha yake ya PostScript, kisha mwaka 1987 ikatoa Illustrator kwa kompyuta za Macintosh. CorelDRAW ilifuata mwaka 1989. Mwaka 2003 ilitokea Inkscape, ambayo haiuzwi, na ambayo mwanafunzi asiye na fedha anaweza kuitumia kwa halali.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mchoraji huandaa kigae kimoja cha mraba. Jani likikatwa na ukingo wa kulia, nakala yake husogezwa kushoto kwa kipimo kilekile cha upana wa kigae, ili sehemu mbili zikutane. Kosa la milimita moja huonekana kama mfereji ulioteremka kutoka begani hadi kwenye pindo. (Toleo la Illustrator la mwaka 2012 lilipunguza adha hii kwa kuonyesha marudio papo hapo wakati wa kuchora.) Kisha patroni ya mshonaji huingizwa katika mchoro: vipande viwili vya mbele, mgongo, mikono, kola, mfuko. Hapa ndipo mpangilio wa kale unapogeuka. Zamani mshonaji aliisogeza patroni juu ya kitambaa akitafuta mahali ambapo ua halitakatwa na mstari wa vifungo, na mara nyingi alipoteza kitambaa kingi. Sasa nakshi yenyewe ndiyo inayosogezwa: huhesabiwa upana ambao kipande kimoja cha mbele hulalia kingine, na mfuko hupewa sehemu ileile ya nakshi unayoifunika. Upigaji chapa wa kidijiti, usiodai silinda, huruhusu shati moja tu kuchapwa. Uamuzi wa nakshi umeweza kurudi mezani kwa mshonaji, ijapokuwa kitambaa cheupe na mashine ya kuchapa vingali mbali na wengi.

Hata hivyo, liko jambo ambalo programu hailifanyi yenyewe. Mtarizi wa Kikuba alikuwa akiivunja ruwaza aliyoianza: mstari ukanenepa, pembe ikageuka, na nakshi mpya ikazaliwa katikati ya ile ya kwanza. Nakala katika kompyuta haimwasi mama yake mpaka mchoraji aikate kwa makusudi. Wengi hawaikati.

Yako pia majina. Inkscape humpa mchoraji njia zote 17 za Fedorov katika orodha, kwa alama kama P1, PMM na P4G. Kwa Wakuba nakshi ziliitwa kwa majina, na Emil Torday, aliyezuru ufalme huo katika safari yake ya 1907 hadi 1909, aliona kuwa majina hayo hayakuwa mamoja: nakshi ileile mwanamke mtarizi aliiona kuwa muungano wa sehemu kadhaa, na mwanamume mchongaji akaiita kwa jina la sehemu moja iliyomvutia. Husimuliwa katika historia ya Wakuba kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme pikipiki. Chombo hakikumshughulisha. Alivutiwa na alama za magurudumu mchangani, akaamuru zinakiliwe, na nakshi hiyo ikapewa jina lake.