Ngalawa ya Kunduchi na Ndugu Zake wa Mbali

Mgeni anayefika Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, huongozwa kwanza kwenye magofu: msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, yaliyopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Hupiga picha, akastaajabu vyombo vya China vilifikaje Kinondoni. Lakini ushahidi wa safari za kale zaidi umelala mchangani, umefungwa kamba na unanuka samaki. Ni ngalawa.

Mwili wake ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe. Kinachoitenga na mtumbwi ni matengo, ile miti na mbao za pande mbili zinazoizuia isipinduke tanga linapojaa upepo. Katika Afrika nzima chombo cha namna hii ni cha pwani ya mashariki na visiwa vyake tu. Wakomoro hukiita galawa. Vuka bahari hadi Indonesia, utakuta jukung; nenda Ufilipino, utakuta bangka, nayo ina matengo pande zote mbili.

Wafilipino na Waindonesia ni watu wa ukoo mmoja wa lugha. Mabaharia wa kale waliondoka Taiwan zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, wakashukia Ufilipino, kisha wakasambaa Indonesia. Ndiyo maana mbingu ni langit kwa Kitagalogi cha Ufilipino na kwa Kiindonesia, na jiwe ni bato kwa hao, batu kwa hawa. Madagaska, jirani yetu, husema lanitra na vato! Mwaka 1951 Mnorwei Otto Christian Dahl alionyesha kuwa Kimalagasi kinakaribiana mno na Kima'anyan, lugha ya kusini mwa Borneo. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kizazi cha kwanza cha Wamalagasi kilikuwa na wanawake wapatao 30 tu, karibu wote wenye asili ya Indonesia, miaka kama 1,200 iliyopita.

Je, Waindonesia walifika na huku kwetu? Buzurg ibn Shahriyar, aliyekusanya visa vya mabaharia, anasimulia kwamba mwaka 945 watu wa Waqwaq, wanaodhaniwa na wengi kuwa wa upande wa Indonesia, walikuja na mashua zipatazo elfu moja kuushambulia mji wa Qanbalu, ambao wanahistoria wengi huuweka Pemba. Walifuata pembe za ndovu, magamba ya kasa, ambari na watumwa.

Wanaakiolojia, katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016, walikuta mpunga na choroko za Asia katika makazi ya kale ya Komoro, huku vijiji vya bara vya wakati huohuo vikila zaidi mtama na uwele. Kwa hiyo anayedai kwamba Waindonesia walijenga miji Tanganyika anauzidi ushahidi. Walichotuachia ni ufundi, na pengine sehemu ya minazi yetu: vinasaba vya minazi ya pwani hii vina mchanganyiko wa aina ya Bahari ya Hindi na ile ya Pasifiki.

Safari yenyewe inawezekana. Mwaka 1985 Sarimanok, chombo chenye matengo kilichoundwa Ufilipino, kilisafiri kwa tanga kutoka Bali hadi Madagaska.

Walimu wa historia wa Kinondoni na Temeke, mkiwaleta wanafunzi kwenye makaburi ya Kunduchi, wateremsheni hadi mchangani pia. Mwombeni fundi awaonyeshe matengo yanavyofungwa, kabla boti za faiba hazijamwachisha kazi.